Mvua Mbaya na Vifo vya Vikongwe

Wasomaji wetu wa Singida, mtu akishika njia ya kaskazini akapita Mkalama hufika mto Sibiti. Zamani, wakati wa mvua, mto ule ulikuwa kizuizi kikubwa. Mwenye ng'ombe wa kupeleka mnadani alikaa ukingoni akingoja maji yapungue. Siku hizi lipo daraja, na ng'ambo ya daraja ndiyo Meatu. Wilaya hiyo mpaka mwaka 2012 ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, kisha ikatiwa katika mkoa mpya wa Simiyu. Mkoa umebadilika jina, lakini nchi ni ile ile, nayo ni ndugu wa nchi yenu: mbuga na miiba, mtama na uwele, ng'ombe na mbuzi, na mvua ya msimu mmoja tu katika mwaka. Msimu ule ukiharibika hakuna wa pili wa kuutengeneza.

Tumeanza na mto huu kwa sababu habari tunayotaka kuieleza ilichunguzwa ng'ambo yake, karibu nanyi sana, na yaliyoonekana kule yanafaa kusikilizwa na watu wa upande huu. Ni habari nzito. Ni habari za vikongwe wanaouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi.

Jinsi mambo yanavyokwenda mnajua. Mtoto ameugua, au ng'ombe wamekufa, au mvua imekoma mtama ukiwa bado haujatoa masuke. Mwenye nyumba huenda kwa mganga. Mganga hupiga ramli, na mara nyingi hataji jina. Husema tu kwamba ni mwanamke mzee, tena wa karibu. Maneno hayo yanatosha. Siku chache baadaye watu huja usiku na mapanga, na asubuhi mlango wa bibi hukutwa wazi. Majirani wakiulizwa, hakuna aliyesikia kitu. Huko Usukuma macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi, na wengi walikufa kwa alama hiyo. Lakini bibi aliyepika miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi na samadi kavu, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Hata mwanawe aliyekuja na panga alilishwa kwa moto ule ule.

Serikali ya Tanzania ilipata kuhesabu vifo hivi. Tangu mwaka 1970 mpaka 1984 zilipatikana habari za watu 3,693 waliouawa katika Tanzania Bara kwa ajili ya mambo ya uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Dakta Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetumia miaka mingi kuchunguza habari hizi, amezieleza hesabu hizo katika maandiko yake. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitoka Usukuma. Na hao ni wale tu waliofika katika vitabu vya serikali; waliozikwa kimya kimya hawamo.

Hesabu ya namna hii yatwambia ni wangapi waliokufa, wala haitwambii ni kwa nini. Na penye kwa nini kila mtu ana jibu lake. Mmoja husema, wachawi wapo, na watu wamechoka nao. Mwingine husema ni ujinga, basi shule ziongezwe. Wa tatu husema ni umaskini. Watu watatu wanaweza kubishana barazani mpaka jua litue, na kesho wakaanza tena, maana hakuna hata mmoja aliye na kipimo cha kumshinda mwenziwe. Tukitaka kujua nani asema kweli hatuna budi kutafuta kipimo.

Aliyekitafuta ni Profesa Edward Miguel, mwalimu wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani. Matokeo ya kazi yake aliyatangaza mwaka 2005. Yeye na wasaidizi wake walikwenda katika vijiji 67 vya wilaya ya Meatu. Walikaa na viongozi wa kila kijiji wakauliza habari za miaka 11, tangu 1992 mpaka 2002, mwaka mmoja mmoja: mwaka huu mvua ilikuwaje, ya kutosha, au ukame, au mafuriko? Je, yalitokea maradhi ya kuenea? Ni nani aliuawa kwa kushukiwa uchawi? Na ni nani aliuawa kwa sababu nyingine, kama vile ugomvi wa ulevini au wizi wa ng'ombe? Kama kila mwaka wa kila kijiji ungeandikwa katika ukurasa wake, kitabu hicho kingekuwa na kurasa zaidi ya 700.

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini kutaabika hivyo? Si afadhali kuchukua kijiji maskini na kijiji chenye mali, tukatazama ni kipi chenye mauaji mengi? Hapa ndipo wengi wanapopotea, nasi twaomba msomaji aende pole pole.

Tuseme kuna vijiji viwili. Cha kwanza kiko kando ya barabara kuu, kina maduka na kituo cha polisi. Cha pili kiko mbali, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Tukifungua vitabu vya polisi twaona kwamba kijiji cha barabarani kina makosa mengi na kile cha mbali hakina hata moja. Je, tuseme mali huleta uovu na umaskini huleta amani? La. Huenda kijiji cha mbali kina makosa zaidi, ila hakuna aliyekwenda kuyaandikisha. Kitabu cha polisi hupima mambo mawili pamoja, makosa yenyewe na urefu wa njia ya kwenda kuyasema, na asiyejua hivyo hudanganyika. Tena vijiji viwili hutofautiana kwa mambo mengi: desturi, dini, tabia za viongozi, idadi ya watu, historia ya koo. Ukiona tofauti ya mauaji huwezi kusema ni umaskini uliofanya. Labda ni moja la hayo mengine.

Basi njia iliyo bora ni kukilinganisha kijiji na nafsi yake. Kijiji kile kile, watu wale wale, mganga yule yule, imani ile ile, lakini mwaka huu mvua ni njema na mwaka ule ni mbaya. Yasiyobadilika hayawezi kuwa sababu ya badiliko. Kama katika mwaka wa mvua mbaya vikongwe wengi zaidi wanauawa, na tena jambo hilo laonekana katika vijiji vingi na miaka mingi, basi hatuwezi kuitaja imani peke yake, kwa kuwa imani ilikuwapo hata mwaka wa neema.

Na kwa nini mvua? Kwa sababu mvua haipendelei mtu. Mwenye kushindwa kulima kwa uvivu au ulevi amejitakia njaa, na huenda mtu wa tabia hiyo ni mgomvi pia, hata ukashindwa kutenganisha njaa na tabia. Lakini ukame huwapata wavivu na wenye bidii, wema na waovu, siku moja. Kwa hiyo ni kipimo safi cha umaskini unaomwangukia mtu bila kosa lake. (Tuwatake radhi wazee wa Unyisanzu, ambao watemi wao wa Kirumi walisifika nchi nzima kwa kuita mvua. Todd Sanders, msomi aliyekaa kwao miaka ya 1990 akaandika kitabu juu ya matambiko yao, aeleza kwamba hata huko mvua ikikawia watu huanza kunong'ona kwamba kuna aliyeifunga. Msomaji aliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.)

Sasa matokeo. Katika miaka ya mvua mbaya kupita kiasi, yaani ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoshukiwa uchawi yalikuwa karibu mara mbili kuliko miaka mingine. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake, wengi wao wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa jamaa zao wenyewe.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni hili la pili. Mauaji ya namna nyingine, ya ugomvi na ya wizi, hayakuongezeka katika miaka hiyo. Kama ukame ungewatia watu wote ukali, tungeona mapanga yakipanda kila mahali, vilabuni na minadani. Haikuwa hivyo. Panga lilipanda upande mmoja tu, juu ya mlango wa bibi.

Hapo mtu aweza kusema: mwaka wa ukame watu hutafuta wa kumlaumu, nao humlaumu mchawi, kama walivyonong'ona kule Unyisanzu. Ni neno la maana, na mchunguzi hakulipuuza. Alilipima kwa maradhi. Kwa kawaida ya imani, mchawi hulaumiwa kwa maradhi na vifo kuliko kwa jambo lolote jingine. Kama shabaha ingekuwa kutafuta wa kulaumiwa tu, basi miaka ya maradhi ya kuenea ndiyo ingekuwa miaka mibaya kwa vikongwe. Alipotazama kurasa zake, hakuona kwamba miaka ya maradhi ilileta ongezeko kama lile la miaka ya mvua mbaya. Maradhi huleta msiba, lakini hayaondoi mazao yote shambani. Ukame huondoa chakula katika nyumba. Basi kilichopanda pamoja na mauaji ni upungufu wa chakula na mali.

Twajua kwamba neno hili ni gumu kulisoma, nasi pia tulisita kuliandika. Lasema kwamba katika nyumba yenye midomo 8 na chakula cha midomo 6, jicho humwangukia asiyeweza tena kushika jembe. Hatudhani kwamba mtu hukaa akapiga hesabu hiyo kwa makusudi kama mwenye duka. Wengi wa wauaji huamini kabisa kwamba mama yule ni mchawi. Ila kuamini kulikuwapo tangu zamani. Ghala tupu ndilo linalokifanya kinong'ono cha miaka kiwe shauri la usiku mmoja. Yule mganga aliyesema ni mwanamke mzee, tena wa karibu, angeweza kusema vile vile mwaka uliopita, na watu wangekwenda zao kulala.

Na hapa twafika penye swali la mwenye nacho na asiye nacho. Ukame huwanyeshea wote jua lile lile, lakini hauwaumizi wote sawasawa. Mwenye ng'ombe 100 huuza 10, akanunua mahindi yaliyotoka mbali, na mama yake mzee hula akashiba. Mwenye mbuzi 3 huwauza wiki ya kwanza, tena kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila mtu anauza siku hiyo, na bei ya mahindi imepanda. Baada ya hapo hana kitu. Nyumba zilizopatwa na mauaji haya, kama ilivyoonekana kule Meatu, kwa kawaida zilikuwa za watu wa hali ya chini. Hatujasikia vikongwe wa matajiri kuuawa kwa wingi, ingawa macho yao nayo huwa mekundu. Na ndani ya nyumba maskini mna daraja nyingine tena: mjane asiye na mume wa kumtetea, asiye na ng'ombe kwa jina lake, anayelima kipande cha shamba ambacho wengine wakitamani. Mtu akiwa chini ya walio chini, mvua ikikosekana huwa wa kwanza kuonekana mzigo.

Lakini tusifanye kosa la kuzidisha. Hesabu hizi hazisemi kwamba mwenye njaa ni muuaji. Nyumba nyingi mno za Meatu zilipata njaa katika miaka ile, na karibu zote zilimgawia bibi uji wa mwisho. Mwenye kutumia habari hii kuwatukana maskini ameisoma vibaya. Wala hazisemi kwamba sheria haina kazi. Kuua ni kuua mbele ya sheria ya nchi, na sheria ya uchawi iliyoandikwa tangu mwaka 1928 yakataza hata kumsingizia mtu kwamba ni mchawi. Shida ni kwamba mahakama hutaka shahidi, na shahidi ni mtoto wa muuaji, au mke wake, au jirani anayemwogopa. Hesabu zasema jambo moja tu: mahali penye imani hii, hatari ya kikongwe hupanda na kushuka pamoja na ghala. Waweza kujua mapema mwaka wa hatari, kama ujuavyo mwezi wa nzige.

Singida nayo ina kumbukumbu yake ya vifo vilivyokosa hesabu njema. Miaka ya 1946 na 1947 watu wengi waliuawa katika nchi ya Wanyaturu. Wengine walisema ni simba. Serikali ya wakati ule ilisema ni watu waliovaa ngozi za simba, na baadhi ya washtakiwa wakahukumiwa kufa. Baadaye msomi wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu akawaandikia kitabu, aliichunguza habari hiyo upya. Mpaka leo habari za watu-simba husimuliwa kwa namna kumi. Laiti mtu angeandika wakati ule, kijiji kwa kijiji na mwezi kwa mwezi, nani alikufa, wapi, mvua ilikuwaje na ghala lilikuwa na nini, huenda tungekuwa na la kusema zaidi ya hadithi ya kutishia watoto.

Basi ikiwa ghala ndilo linaloongoza, dawa yake ni ipi? Profesa Miguel alitaja mambo mawili. La kwanza ni bima au msaada unaokuja mara mvua ikiharibika, kabla njaa haijaingia nyumbani. La pili ni malipo ya uzeeni kwa kila mzee, awe alipata kuajiriwa au hakupata. Kwa nini malipo ya uzeeni? Kwa sababu hubadili hesabu ya nyumba. Bibi anayepokea fedha kila mwezi si mdomo wa kulisha. Yeye ndiye anayelisha. Mwezi wa njaa ukifika, mkwe wake humtazamia apone, aishi, afike siku ya malipo. Katika Afrika ya Kusini malipo kama hayo yalifikishwa kwa wazee Waafrika wote sawa na wengine miaka ya 1990, na huko vijijini mzee mwenye malipo mara nyingi ndiye nguzo ya nyumba.

Karibu nasi zaidi ni Zanzibar, iliyoanza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi malipo ya kila mwezi, na mwanzo yalikuwa shilingi 20,000. Tanzania Bara kuna mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, unaopeleka fedha katika nyumba zilizo chini kabisa, na wasomaji wengi wa Singida wanaujua. Lakini mpango huo hutazama nyumba, si mzee. Fedha ikifika mikononi mwa kijana, bibi hana hakika kwamba yake imo. Sisi twaona tofauti hiyo si ndogo. Fedha inayokuja kwa jina la kikongwe mwenyewe ni ulinzi kuliko kufuli, hata ikiwa kidogo.

Yako na mambo madogo yasiyongoja serikali. Jiko lenye bomba la kutoa moshi huondoa wekundu wa macho, na pamoja nao huondoa alama ya uongo. Mtama na uwele hustahimili jua kuliko mahindi, wazee wa Unyaturu hawahitaji kufundishwa hilo; ni vijana walioacha uwele kwa kupenda ugali mweupe. Na ghala la kijiji, likiwekwa akiba mwaka wa neema, laweza kuuza kwa bei ya haki mwaka wa shida.

Mwisho twasema na wanafunzi. Huenda shuleni kwenu mna kipima mvua, mkebe uliosimama uwanjani, nanyi mwaona ni mchezo wa mwalimu wa jiografia. Mkebe ule husomwa kila siku saa tatu ya asubuhi, hata siku za mapumziko, na maji yake huandikwa kwa milimita, hata siku isiyo na tone huandikwa 0. Siku moja isiyoandikwa yaharibu mwezi, na mwezi mmoja waharibu mwaka. Wachunguzi waliokwenda Meatu walilazimika kuuliza wazee wakumbuke mvua za miaka 11. Shule inayotunza daftari lake inaweza kuonyesha, ifikapo Februari, kwamba mvua ya Januari haikufika hata nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Mwalimu na alipeleke daftari hilo kwa mwenyekiti wa kijiji mwezi huo huo, na pamoja nalo orodha ya vikongwe wanaokaa peke yao.